Muhuri Uko Kwangu

Tuko arubaini na sita hapa kiwandani, Wete,
njia ya kwendea Limbani.
Si wachache hata tukaitana ndugu,
si wengi hata tukaitwa kwa namba.
Tunakeneka mafuta ya makonyo, ya mchaichai, ya mrehani,
tunapika sabuni, tunaikata, tunaifunga kwa karatasi ya kaki,
na harufu yetu huingia nyumbani
kabla sisi hatujavua viatu.

Mimi ni mtunza stoo. Ndivyo inavyosema barua ya ajira.
Haisemi kuwa ndimi nipokeaye simu,
niandikaye hundi, nimbembelezaye fundi wa jenereta.
Na siku alipougua Raiye wa chumba cha kupimia
nilivaa koti lake jeupe, likanipwaya,
nikajifunza kusoma ile mizani ndogo
mpaka nukta ya tatu.
Hakuna aliyeniongezea shilingi.
Lakini najua sasa, na kujua hakukatwi kodi.

Binamu yangu Zuleikha yuko Unguja, kampuni kubwa,
ghorofa ya tano, kadi shingoni, mlango hufunguka ukiionesha.
Ana bima. Ana likizo ya siku ishirini na nane.
Ana mkuu ambaye hajamwona ila kwenye kioo cha kompyuta.
Alipofiwa na baba yake walimletea ujumbe wa rambirambi
wamekosea jina la marehemu.

Mimi nilipofiwa na mama,
Bwana Mbarouk alizima mitambo saa nne asubuhi,
akaja na gari mbili za watu,
akashika jembe makaburini. Kaka yangu Khatib ndiye aliyenihadithia:
kanzu ilirudi na udongo mpaka magotini.
Nilimpenda siku ile, nisiseme uongo.

Mwezi wa pili yake mshahara ulichelewa siku kumi na saba.
Na utamdai vipi mtu
aliyemfukia mama yako kwa mikono yake?

Meneja alipoondoka, nilikiangalia kile kiti.
Sikusema. Nilikipangusa vumbi tu, mara mbili kwa siku.
Akaja kukikalia Harith, mkwe wa Bwana,
kijana mwema, ana salamu ndefu.
Kila asubuhi huniuliza: “Bi Mize, hili tunalifanyaje?”
Namwambia. Anaandika.
Mkutanoni anasoma.

Tulikwenda kuomba mkopo wa vikundi, wakasema: nyinyi wakubwa.
Tukenda benki, wakasema: nyinyi bado wadogo.
Tukarudi na mafaili yetu kwapani
kama mtoto wa katikati,
nguo za kaka, lawama za mdogo wake.

Lakini mwaka jana nilikuwa Chake, dukani kwa mtu,
mwanamke mbele yangu akachukua sabuni ya karafuu,
akainusa, akafumba macho.
Nilimjua aliyeikata ile: Shaame, kwa kuwa upande mmoja umepinda,
Shaame hukata huku anazungumza.
Nikataka kumwambia yule mwanamke.
Nikanunua sukari nikaondoka.

Juzi Zuleikha kapiga simu. Nafasi ipo, niamue upesi.
Alhamisi wote walipokwenda kula
niliketi nikaandika barua ya kuacha kazi,
mistari sita, heshima tele.

Sasa, barua yoyote iingiayo hapa hupitia kwangu:
nigonge muhuri, nitie tarehe,
niiweke kwenye faili la kijani, nimpelekee Bwana.
Basi nikajikabidhi barua yangu,
nikajishukuru, nikajisainia kuipokea,
nikashika muhuri nikaugonga.

Haukutoka kitu. Kidau kimekauka wino.
Na mwenye kuagiza wino pia ni mimi.

Nimeagiza Jumamosi. Chupa mbili;
moja haifiki mwaka.